UZI: Siku sita Lisbon na begi mgongoni, njaa ndiyo iliyoniongoza

BegiMgongoni

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita kuna mdau aliuliza kama upo mji mkuu wa Ulaya ambao mtu anaweza kuutembea bila kuuza kiwanja cha urithi. Nikamwahidi nitaandika. Leo Jumapili, mvua inamwagika huku Uholanzi ninakosoma, chai ya tangawizi ipo, kwa hiyo tuanze.

Nilikwenda Lisbon, Ureno, Juni 2024. Siku sita. Begi moja la mgongoni (hizi ndege za bei chee, ukizidisha begi unalilipia kuliko nauli yako mwenyewe), hosteli ya watu wanane chumba kimoja mtaa wa Mouraria, mkoromaji mmoja kama jenereta la harusi. Visa sikuhitaji kwa sababu nina kibali cha kuishi Uholanzi, na ukiwa nacho unaruhusiwa kuzunguka nchi nyingine za Schengen siku 90 katika kila siku 180. Mnaotoka nyumbani, utaratibu wa visa una nyuzi zake humu, msinichoshe.

Nitangulize jambo moja: mimi si mtu wa kupanga foleni nje ya minara. Mimi nafuata harufu. Vitu vya ajabu nilivyoviona nilivikuta njiani nikienda kula au nikitoka kula.

Siku ya kwanza simu ilizima chaji nikiwa ndio kwanza nimetoka metro. Lisbon ni vilima vitupu, na kanuni yake ni rahisi: ukipotea, teremka, utaukuta mto Tejo. Nikateremka. Nilipokaribia mto, kwenye mtaa unaoitwa Rua do Arsenal, pua ikanisimamisha. Wakuu, nilinusa soko la Muheza. Ng'onda!

Nikaingia dukani. Samaki wamepasuliwa, wamekaushwa, wamepangwa kama mbao za dari, weupe kwa chumvi. Muuzaji mzee mwenye aproni anamchukua mmoja mzima, mgumu kama ubao wa kufulia, anamlaza chini ya kisu kirefu kilichobanwa mezani, anashusha mkono. Kra! Kipande. Kra! Kipande. Anakunja kwenye karatasi, mama mteja anakiweka kwapani kama gazeti, huyoo.

Huyo ndiye bacalhau, na Mreno huwaambii kitu kwa bacalhau. Ajabu ni kwamba samaki mwenyewe hapatikani Ureno. Anatoka bahari za baridi, wengi siku hizi Norway. Wanamloweka siku moja mpaka mbili wakimbadilishia maji, vilevile kama bibi yangu na papa mkavu.

Mchana nikamla kwa mtindo wanaouita à Brás: samaki kachambuliwa, kitunguu, viazi vilivyokatwa vyembamba kama njiti na kukaangwa, vyote vikavurugwa na mayai, juu zeituni nyeusi. Nikakaa kimya nikatafuna. Wakuu, hii ni chipsi mayai iliyokwenda shule.

Naendelea baadaye, nakwenda kuepua wali.

Mzee wa Kijiwe

Uzi bila picha ni hadithi ya sungura. Picha.

Binti Forodhani

Hahaha chipsi mayai iliyokwenda shule! Sasa huyo ng'onda wao wanamtia nazi?

BegiMgongoni

@Binti Forodhani nazi hawaijui jikoni. Kila kitu mafuta ya zeituni na kitunguu saumu. Siku ya tatu nilianza kuota mchuzi wa nazi.

@Mzee wa Kijiwe picha zipo kwenye simu ya zamani, nitazitafuta.

Chande Mhesabu

Weka bei mkuu. Tunataka kujua kama tunaota au tunapanga.

BegiMgongoni

Kitanda nililipa yuro 24 kwa usiku, na Juni ni msimu wa watu, miezi ya baridi bei inashuka. Chakula cha mchana ulizia prato do dia, yaani chakula cha siku hiyo, kimeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa dirishani. Mimi nilikuwa nalipa kati ya yuro 8 na 11, na sahani inajaa. Ukiwa huna njaa kubwa sema meia dose, nusu sahani, ambayo kwa kweli inamtosha mtu mzima. Tafuta vile vimgahawa vya vigae ukutani na televisheni ya mpira, wanaviita tasca. Ukiona menyu yenye picha za chakula na kijana anakuvuta mkono mlangoni, pita.

Na sasa sikilizeni kosa langu. Jioni ya kwanza nilikaa mgahawa mmoja (jina naliacha), kabla sijaagiza kitu akaja mhudumu akaweka mkate, zeituni, kidude cha jibini na samaki wa kusaga. Nikasema moyoni, Wareno wakarimu hawa! Nikafagia vyote. Bili ilipokuja nikakuta ukarimu umeandikwa mstari kwa mstari, karibu yuro 9. Kumbe ndiyo desturi ya nchi nzima, inaitwa couvert. Usichokigusa hulipii. Unasema tu hapana asante, wanaondoa bila kununa.

Chande Mhesabu

Mkarimu anayekuja na risiti. Nimeipenda.

Kaka wa Likoni

Sasa ndugu yangu, mimi swali langu ni moja. Hawa si ndio walitupiga mabomu Mombasa, wakatujengea Fort Jesus 1593, wakatawala mpaka Waomani walipowatimua 1698? Na wewe waenda kuwasifia chipsi mayai?

BegiMgongoni

@Kaka wa Likoni vuta subira. Hilo nitalifikia, na nina kitu chako maalumu mwishoni. Ila kwanza nikupe kitu cha karata.

Siku ya pili nilipanda kilima mpaka bustani ya Príncipe Real. Pale kuna mti mmoja wa jamii ya mseprasi, si mrefu, ila matawi yamejitandaza na kushikiliwa na vyuma pande zote, kivuli chake kinapita mita 20 upana. Chini ya bustani hiyohiyo kuna tangi la maji la karne ya 19, lenye nguzo na matao kama msikiti mkongwe, siku likifunguliwa unashuka kuliona. Mimi nilikuta limefungwa. Basi nikakaa kwenye benchi na bifana yangu, ambayo ni mkate mgumu kwa nje na nyama ya nguruwe iliyochemshwa kwenye vitunguu saumu. (Wasiokula nguruwe, zamu yenu inakuja.)

Pembeni wazee wanne wanacheza karata. Wanazipiga mezani kama wanaua mbu. Sijui Kireno, nasikiliza tu. Mmoja akasema "copas". Nikageuka. Mwingine "espadas". Halafu yule mwenye kofia akatupa karata kwa nguvu, akapiga kelele: "Trunfo!"

Wakuu. Kopa. Shupaza. Turufu.

Nikasogea. Nikanyoosha kidole kwenye karata ya almasi nikasema "uru?" Mzee akanitazama. "Ouros." Nikanyoosha kwenye ile nyingine: "pau?" "Paus!" Wakaanza kucheka wote wanne. Meza, bendera, leso, foronya, parafujo, hayo nilifundishwa shuleni kwamba ni ya Kireno na hayakuwahi kunishtua. Lakini kusikia turufu ikipigiwa kelele na mzee wa Kireno juu ya kilima, kwa hasira zilezile za kijiweni kwetu, nilisisimka.

Mzee wa kofia akaniuliza kwa Kiingereza cha kuungaunga natoka wapi. Tanzania. Akaacha kuchanganya karata. Akasema: "Mueda." Alikuwa askari kule kijana, wakati wa vita vya Msumbiji. Mueda ni uwanda wa Wamakonde, ng'ambo ya Ruvuma. Nilingoja aendelee. Hakuendelea. Akagawa karata, akaniachia nafasi kwenye benchi, nikatazama mizunguko mitatu.

Binti Forodhani

Subiri subiri subiri. Huo mchezo, saba inakula mfalme?

BegiMgongoni

Ndiyo! Nilishangaa. Saba iko chini ya ree tu. Unaitwa sueca. Pointi zote jumla 120.

Binti Forodhani

Kwa hiyo kushinda ni 61! Huo ni WAHEDI WA SITINI, babu yangu alikuwa anacheza barazani Malindi ya Unguja kila baada ya alasiri. Na wazee wetu mfalme hawamwiti mfalme, wanamwita mzungu wa nne. Yule kijana mzungu wa tatu, bibi mzungu wa pili. Sisi watoto tulikuwa tunauliza mzungu wa kwanza yuko wapi, tunafukuzwa.

BegiMgongoni

Nimekwenda kuangalia sheria za sueca sasa hivi. Mfalme pointi nne. Kijana tatu. Bibi mbili. Nywele zimesimama.

Kaka wa Likoni

Haya, hapo nimekubali. Endelea.

Mzee wa Kijiwe

Mzungu wa kwanza alikimbilia Lisbon na picha za uzi huu.

BegiMgongoni

Tuje kwenye mambo ya ajabu sasa.

Kanisa la Carmo. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wako makanisani, ardhi ikatikisika. Waliokimbilia mtoni kujiokoa wakakutwa na mawimbi, na mishumaa ya ibada ikawasha moto uliounguza mji kwa siku kadhaa. Carmo paa lilianguka, na halijarudishwa mpaka leo. Unaingia kanisani, nguzo zipo, matao yapo kama mbavu za nyangumi, juu mbingu. Njiwa wanakatiza. Kwenye chumba cha nyuma, bila onyo lolote, nikakutana uso kwa uso na maiti mbili zilizokauka kutoka Peru, zimekunja magoti ndani ya vioo. Nilikuwa nimetoka kula vitumbua vya mayai. Sikupenda.

Hospitali ya wanasesere, Praça da Figueira. Ipo tangu 1830. Watu wanapeleka wanasesere waliovunjika kutibiwa, na mafundi wana droo za macho tupu, droo za mikono, droo za miguu. Ukiwa mtu wa kuota ndoto mbaya, pita upande wa pili wa barabara.

Chini ya benki moja mtaa wa Rua dos Correeiros kuna mabwawa ya Warumi ya kuchachulia samaki. Ulipojengwa upya ukumbi wa benki wakachimba, wakayakuta, sasa unashushwa na kiongozi. Kumbe mji huu umeanza kunuka samaki wa chumvi tangu zamani za Warumi.

Lakini kilichonigusa zaidi ni sanamu ya daktari. Iko Campo dos Mártires da Pátria, bustani ambayo majogoo, kuku na bata wanazurura bila mwenyewe, utadhani uko uani kwa shangazi. Daktari huyo, Sousa Martins, alifariki 1897. Alikuwa akitibu maskini bure, mwanasayansi kabisa, si padri. Leo miguuni pa sanamu yake kuna mamia ya vibao vya marumaru, kila kimoja kimeandikwa asante, vimerundikwa kama vigae baada ya ujenzi. Mishumaa, maua. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, watu wamejitangazia wenyewe. Nilimkuta mama mmoja kasimama pale na mfuko wa sokoni, vitunguu vinachungulia, midomo inatembea. Alipomaliza akaigusa miguu ya shaba, akarekebisha mfuko, akawahi basi. Jogoo akapita kati yetu.

Nilitoka pale nikakumbuka watu wanaokwenda kuzuru makaburi ya masharifu kule pwani.

Kaka wa Likoni

Na kichwa je? Nimesoma kuna kichwa cha muuaji kwenye chupa.

BegiMgongoni

Kipo Chuo Kikuu cha Lisbon, kitivo cha tiba, lakini si cha kwenda kukiona kiholela kama wali wa nazi wa mama ntilie. Kinasemekana ni cha Diogo Alves, aliyenyongwa 1841. Husimuliwa kwamba alikuwa akiwaibia watu juu ya mfereji mkuu wa maji kisha anawasukuma chini. Mfereji wenyewe niliuona, Águas Livres, tao refu kuliko yote lina mita 65. Nilitazama chini mara moja tu.

Ustadh Mpole

Assalaam alaykum. Ndugu mwandishi, mimi msimulizi wangu ni tumbo pia, lakini nguruwe amenifungia mlango. Sisi tunakula nini huko?

Mmakonde Ng'ambo

Wa alaykum salaam Ustadh. Nijibu mimi, niko Almada, upande wa pili wa mto, mwaka wa tisa sasa, kazi za ujenzi. Mwenye uzi aliniandikia pembeni.

Shuka Martim Moniz, ingia mtaa wa Benformoso. Wabangladeshi, Wapakistani, bucha za halali mlango kwa mlango, biriani, chai ya maziwa. Msikiti mkuu ulifunguliwa 1985, na walioujenga wengi ni Waislamu waliotoka Msumbiji, wenye asili ya Kihindi. Ijumaa ukiwa na bahati utasikia mtu anaongea Kimwani, lugha ya pwani ya kaskazini mwa Msumbiji, utaelewa zaidi ya nusu.

Sasa jambo la kufurahisha: ukiingia mkahawa wowote wa Lisbon utakuta kwenye kioo kitu cha pembe tatu kinaitwa chamuça. Ndiyo sambusa yako. Imekuja kwa njia ya Goa na Msumbiji. Ila uliza nyama, mara nyingine ni ya nguruwe. Na kuku wa kuchoma wanamtia piripiri. Neno wamelitoa kwetu. Pilipili kali yenyewe waliileta wao kutoka Amerika, sisi tukawapa jina, wakarudi nalo nyumbani wakatulipisha.

Dagaa wakubwa wa kuchoma, bacalhau, pweza, wali wa kamba, supu ya samaki, vyote uwanja wako. Caldo verde, supu ya sukuma wiki iliyokatwa nyembamba kama nywele, ni tamu ila wanaweka kipande cha soseji ya nguruwe, sema mapema wasiweke.

Halafu panda feri kutoka Cais do Sodré uje Cacilhas. Ni dakika kumi hivi, kama pantoni ya Kigamboni bila ya msukumano. Ukifika huku, ukisogea chini ya daraja la 25 de Abril utasikia sauti kama mzinga wa nyuki: magari yanapita juu ya vyuma vya wavu. Lilifunguliwa 1966 kwa jina la Salazar, dikteta wao. Yalipotokea mapinduzi ya 25 Aprili 1974 wakabandua jina. Hayo mapinduzi ndiyo yaliyomaliza vita vya kwetu, mwaka uliofuata Msumbiji ikawa huru. Mimi nikilivuka asubuhi kwenda kazini nalipigia saluti moyoni, wenzangu kwenye gari hawajui.

Ustadh Mpole

Jazakallahu khayran. Saluti yako nimeipokea hadi huku Kondoa.

BegiMgongoni

Ahsante sana @Mmakonde Ng'ambo, na ahsante tena kwa ule wali wa pweza tuliokula huko.

Niliyataja makanisa. Moja sijalitaja, São Domingos, karibu na uwanja wa Rossio. Liliungua 1959. Walipoezeka paa jipya hawakuzificha kuta: nguzo zimebabuka, mawe yamepasuka, rangi ni ya jivu na nyama. Nje kuna mnara mdogo wa ukumbusho wa Wayahudi waliouawa na umati Aprili 1506, fujo zilizoanzia humohumo kanisani. Wareno wana soseji inaitwa alheira, ya mkate na kuku, na husimuliwa kwamba Wayahudi waliolazimishwa kubatizwa waliibuni ili jirani akiona soseji zinaning'inia jikoni aamini wanakula nguruwe. Nilipoila sikuila kama soseji.

Na hapohapo kwenye uwanja huo ndipo Waafrika wanapokutana, wengi wa Guinea-Bissau. Akina mama wameketi na vikapu vya karanga na kola, wanaume wamesimama makundi makundi wanabishana mpira. Hatua ishirini kutoka kwao kuna kidirisha kinachouza ginjinha, pombe tamu ya cheri, tangu 1840. Hakuna kiti. Unapewa kikombe kidogo, anakuuliza na cheri au bila, unakunywa umesimama, unatema kokwa. Nilikunywa mbili nikasalimiana na nusu ya Guinea-Bissau.

Upande mwingine wa mji kuna mtaa unaoitwa Rua do Poço dos Negros. Shimo la Weusi. Mwaka 1515 mfalme Manuel aliagiza lichimbwe shimo la kutupia miili ya watumwa waliokufa, maana ilikuwa ikitupwa hovyo ikioza. Leo mtaa una mikahawa mizuri. Watu wanakunywa kahawa chini ya kibao chenye jina hilo. Nilipapita, sikukaa.

Kaka wa Likoni

Hiyo sikuijua.

Chande Mhesabu

Turudishe kwenye chakula kidogo mkuu, kifua kimebana.

BegiMgongoni

Usiku wa kuamkia Juni 13 ni sikukuu ya Mtakatifu Antonio, mji mzima uko nje. Alfama, mtaa wa vichochoro ulionusurika tetemeko, unageuka Forodhani ya vilima. Kila mlango una jiko la mkaa, moshi machoni, muziki wa kila aina. Samaki anaitwa sardinha. Unapewa wazima, magamba na chumvi ya mawe, juu ya kipande cha mkate. Siri ni mkate. Usiutupe! Unakula samaki wa kwanza, wa pili, wa tatu, mafuta yote yanashuka kwenye mkate uleule, na mwisho unakula mkate. Mama aliyeniuzia aliniona naanza na mkate, akanipiga kofi la mkono kama mwanawe.

Usiku huo wanauza pia vyungu vidogo vya mrehani, unampa mpenzi wako, una ua la karatasi na kibendera kidogo cha shairi kimechomekwa. Marufuku kuunusa kwa pua. Unaupapasa kwa kiganja, halafu unanusa kiganja. Niliununua, sina wa kumpa, nikampa mkoromaji wa hosteli. Alitoa machozi, sijui ni mrehani au bia.

Na konokono. Ndiyo, nimekula. Kuanzia Mei migahawa inabandika karatasi "Há caracóis", wapo konokono. Wadogo, mchuzi wa kitunguu saumu na oregano, unawachomoa kwa kijiti cha meno.

Binti Forodhani

Nilikuwa nakuheshimu.

Mzee wa Kijiwe

Sasa naelewa kwa nini hataki kuweka picha.

BegiMgongoni

Siku ya mwisho, Belém. Tahadhari kwanza, ya katikati ya mji: tramu ya namba 28 ni nzuri, ya mbao, inapita vichochoro unaweza kugusa nguo za watu zilizoanikwa, lakini ni shamba la wezi wa mifukoni. Mimi nilikuta mkono wa mtu umeshaingia kwenye zipu. Nikaushika. Tukatazamana. Akaniambia "samahani" kwa lugha yake, kama tumegongana bega. Begi livae mbele, kama mjamzito.

Belém nilikwenda kwa vitumbua vya maziwa na mayai, pastéis, vyenye ganda la tabaka tabaka, juu unanyunyiza mdalasini. Duka linalovioka kwa mapishi ya watawa linauza tangu 1837. Nilikula vinne. Mdalasini ule kila meza upo bure, kwenye kichupa, kama chumvi.

Hatua chache ndiyo monasteri ya Jerónimos. Iligharamiwa kwa kodi ya asilimia tano hivi ya mali iliyokuja na meli kutoka Afrika na India, viungo hasa. Ukiingia kanisani, kushoto, yupo Vasco da Gama. Kalala chali kwenye jiwe, mikono imekutana kifuani, simba wa mawe wamembeba. Kaburi lenyewe lilichongwa karne ya 19. Nilisimama pale, vumbi la mdalasini bado liko vidoleni, nikajaribu kukasirika. Watalii wa Kihispania walikuwa wanangoja nisogee wapige picha. Nikasogea.

@Kaka wa Likoni, hiki sasa ndicho chako.

Wakati wa kurudi nilishuka njiani, mtaa wa Janelas Verdes, kwenye makumbusho ya sanaa ya kale. Nimesema mimi si mtu wa makumbusho, lakini @Mmakonde Ng'ambo alinibana kwenye ule wali wa pweza: "Usiondoke hujaiona dhahabu." Tiketi ilikuwa sawa na mlo mmoja wa mchana. Nikapita sanamu, nikapita michoro ya kutisha ya mashetani wanaoruka na samaki, mpaka chumba chenye mwanga hafifu. Kioo. Ndani yake monstransi, wale Wakatoliki mnaijua, ile ya kuwekea hostia wakati wa kuabudu. Urefu sentimita 70 na kitu, dhahabu na rangi za enameli. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka, kila mmoja ana uso wake, mmoja hata nywele zake zinaonekana kabisa. Juu matao membamba kama yamesukwa kwa sindano. Fundi dhahabu ni Gil Vicente.

Kwenye kitako kuna maandishi yanayozunguka. Kireno cha zamani, sikisomi. Lakini neno moja nililisoma. Quiloa, ila pale wameliandika kwa herufi zao za kizamani. Kilwa.

Maandishi yanasema mfalme Manuel aliamuru itengenezwe kwa dhahabu na kodi ya Kilwa, ikakamilika 1506. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na mizinga yake, akamlazimisha Amiri Ibrahim alipe. Amiri akalipa. Dhahabu yenyewe ilitoka bara, nyuma ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, ila mlango wake ulikuwa Kilwa. Mwaka 1505 wakarudi na meli nyingine wakaupora mji wenyewe. Mwaka uliofuata huyu fundi akamaliza kazi yake, nywele za mitume na yote.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokaa mahali popote Lisbon, kuliko hata Alfama. Mlinzi wa chumba, mama wa makamo, alinitazama mara mbili tatu, mwisho akaniletea kiti.

Kaka wa Likoni

...

Mmakonde Ng'ambo

Mimi huenda mara moja kwa mwaka. Nikifika pale huwa nafanya hesabu, ile kodi ililipwa mara moja, na bado wanaililia tiketi.

Mama Halua

Wanangu, mimi msomaji tu humu, sijawahi kuandika. Mimi ni wa Kilwa Kivinje, na utotoni tulipelekwa Kisiwani na shule kutazama magofu, tukaambiwa hapa palikuwa na dhahabu. Tukaokota vigae vya sahani. Dhahabu hatukuiona. Naomba hiyo picha moja tu, hizo nyingine za konokono mbakie nazo.

BegiMgongoni

Shikamoo Mama. Nimeipata simu ya zamani, nimeichaji, nimeitazama sasa hivi. Nilipiga picha tatu. Chumba kile giza, kioo kinaakisi. Zote tatu unaniona mimi nimeshika simu, begi mgongoni, na nyuma yangu kitu kinang'aa njano.

Mama Halua

Marahaba. Weka hiyo hiyo.